Nimeipata besi ya trance kwa plagini za bure, njooni tuichambue

Msumeno138

Wakuu, habari za usiku huu. Nipo Tabata, mchana nina kazi nyingine kabisa, usiku nikishakula nakaa na laptopu natengeneza muziki. Uzi utakuwa mrefu kwa sababu jambo lenyewe limenichukua miezi saba, na nilijiahidi nikilipata nitalimwaga lote hapa bila kuficha hata punje.

Mwaka 2007 nilikuwa nakaa kaunta kwenye kafe ya intaneti Sinza. Mteja mmoja akaacha folda ya muziki kwenye mashine ya dirishani, nyimbo za dakika nane, tisa, nyingi hazina hata neno la kuimba. Nikawa nazipiga usiku nikifagia. Kilichonishika ni besi. Kiki, ule mdundo mzito wa ngoma, inapiga, na kati ya kiki na kiki kuna kitu kinajibu chini, haraka, sawasawa, kama cherehani inayoshona turubai. Sikujua muziki ule unaitwaje. Miaka baadaye ndiyo nikajua ni trance, muziki uliokulia Ujerumani, hasa Frankfurt, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kwamba kasi yake ya kawaida inachezea mapigo 138 kwa dakika.

Mwaka huu nikasema basi, sauti ile lazima niitengeneze kwa mikono yangu, kwa sintesaiza za kwenye kompyuta (ndizo plagini, programu za kuzalisha sauti), bila kuchukua sampo ya mtu, yaani kipande cha sauti kilichokwisha kurekodiwa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani sauti inakaa ndani ya sintesaiza fulani, nikiipata hiyo nimemaliza. Ukisoma habari za trance utakutana na Roland JP-8000 ya mwaka 1996 na ule msumeno wake mkubwa, yaani mawimbi saba ya sauti yenye umbo la meno ya msumeno yanayolia pamoja, kila moja limepishwa tuni kidogo na mwenzake. Nikapanga misumeno saba kwenye besi. Ikawa uji. Ule mpango ni wa melodi na kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) za juu, zile zinazojaza ukumbi. Ukiuteremsha chini unapoteza kila kitu. Nikaenda Kariakoo, duka moja wakaniuzia flashi yenye plagini mia na kitu. Ikaja na virusi, kazi yangu ya wiki tatu ikafutika. Nilikaa kitandani naiangalia ile laptopu kama mtu aliyefiwa.

Kilichonifumbua macho ni kuacha kusikiliza na kuanza kutazama. Nilichukua noti kumi na sita za besi yangu, zote A ya chini, zote urefu mmoja, nikazigeuza ziwe wimbi la sauti, nikalikuza mpaka noti moja ikajaa kioo kizima. Nikaanza kuhesabu.

Kwa kasi ya 138, pigo moja ni milisekunde 435. Likatwe mara nne, kila noti ya besi inapata milisekunde 109 hivi. A ya chini ni hezi 55, yaani mawimbi 55 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi lake moja linachukua milisekunde 18. Gawanya: noti nzima ina vilima sita tu. Sita, wakuu! Nilirudia kuhesabu kwa kidole kwenye kioo. Noti ya kwanza ilianzia juu ya kilima. Ya pili ilianzia bondeni. Ya tatu katikati ya mteremko. Noti zilezile, plagini ileile, na hakuna mbili zilizofanana uso. Sikio halipati nafasi ya kuzoea noti yenye vilima sita. Linachosikia ni ule mlango wa kuingilia. Mlango ukibadilika kila mara, besi inatetereka, nyingine nzito, nyingine nyepesi, na hakuna ikwalaiza itakayoponya hilo.

Dawa yake inaitwa ritriga. Unaiambia osileta, ile sehemu ya sintesaiza inayozalisha wimbi, ianze mahali palepale kila noti inapobonyezwa. Plagini nyingi za kisasa zinakuja zikiwa zimewekwa kuanza popote, kwa sababu kwenye kodi ndefu hilo linapendeza. Kwenye besi ya trance linaua.

Nilipofunga hilo nikapiga tena. Usiku wa manane, feni imezimwa nisikie vizuri, jasho linanitoka. Cherehani ile. Niliamka kwenye kiti.

Nitaendelea na mipangilio yenyewe, ngoja nipumue.

KinandaChaKwaya

Mkuu asante kwa madini haya. Nimevuta kiti nimekaa mbele. Mimi napiga kinanda kanisani Mbagala, laptopu yangu ni ya zamani, RAM 4. Hizo plagini za bure ni zipi, na hiyo ritriga inakaa wapi? Mimi ninachokijua ni kuchagua priseti na kupiga.

Msumeno138

Karibu sana ndugu yangu. Natumia mbili. Vital, iliyotoka mwaka 2020, ina toleo la bure kabisa. Kwenye kila osileta yake kuna namba ya fezi, yaani mahali wimbi linapoanzia, na pembeni yake asilimia ya kuchezesha hiyo fezi ovyo. Utaikuta kwenye 100. Ishushe iwe 0. Hiyo ndiyo ritriga yake. Tatizo kwako ni michoro yake inayocheza, kompyuta ya zamani inaweza kulemewa.

Kwa hiyo anza na Surge XT. Hii ni ya bure na msimbo wake uko wazi, imekuwa hivyo tangu 2018. Kitufe kimeandikwa Retrigger upande wa osileta, ukikuta kimezimwa kiwashe. Pakua kwenye tovuti zao wenyewe, usinunue flashi ya mtu.

Mipangilio yangu ni hii. Osileta moja ya msumeno, mono, sauti moja tu. Filta inayopitisha sauti za chini, ile kali ya desibeli 24 kwa oktavu. Katofu, yaani mpaka ambapo filta inaanza kukata, iweke chini kabisa, kwenye hezi 130 au 150, halafu envelopu ya filta (mchoro wa jinsi inavyofunguka na kufunga kila noti) ndiyo iifungue: ataki (muda wa kufunguka) 0, dikei (muda wa kushuka) milisekunde 120 hivi, sasteni (kiwango kinachobaki) karibu na sifuri. Pandisha nguvu ya hiyo envelopu mpaka filta ifunguke kufika hezi 1,500 au 2,000 noti inapoanza. Rezonansi (mkazo wa sauti pale kwenye katofu) kidogo sana, ukizidisha inaanza kulia kama filimbi. Envelopu ya sauti iwe wazi muda wote, na rilizi (muda wa kuzimika) milisekunde 10 mpaka 15 ili noti isikatike kwa mlio wa "tik".

Na noti zenyewe: usiweke besi kwenye kiki. Pigo likigawanywa mara nne, ya kwanza ni ya kiki, tatu zinazofuata ni za besi. Urefu wa kila noti kata ubaki kama robo tatu ya nafasi yake. Huo upenyo wa kimya kati ya noti na noti nimegundua una kazi kubwa kuliko filta.

Kisha, ukiwa na Vital, zungusha fezi taratibu huku wimbo unapiga. Msumeno una ukingo mmoja mkali, na kadiri noti inavyoanzia karibu na ukingo huo ndivyo mlango unavyogonga. Mimi nilisimama kwenye nyuzi 90 hivi. Wewe simama pale mkono wako utakapokataa kuendelea.

ManzeseMia3

Kaka heshima kwako, lakini mbona unajitesa? Sisi huku tunatengeneza singeli, kasi 200 mpaka 300, sampo ya besi unachukua, unakata, unaweka, unasonga mbele. Mteja anataka biti leo jioni. Hiyo miezi saba ungekuwa na nyimbo arobaini.

Msumeno138

Mdogo wangu (nadhani ni mdogo wangu, nisamehe kama sivyo), singeli naiheshimu sana na siwezi kukufundisha kazi yako. Ila sampo ina mlango mmoja na ufunguo mmoja. Ukiihamisha tuni kwa noti nne, kwa njia ya kawaida, unaifupisha au kuirefusha, vilima vyake havikai tena kwenye nafasi yake. Nikijua imejengwaje, nabadilisha ufunguo wa wimbo na besi inabaki ileile.

Halafu hesabu hii inakuhusu wewe kuliko mimi. Kwa kasi ya 220, robo ya pigo ni milisekunde 68. A ya hezi 55 hapo hata vilima vinne havitimii. Ndiyo maana besi ya chini sana kwenye kasi hizo inasikika kama mtu anagonga boksi, noti yake haijulikani. Jaribu kuipandisha oktavu moja, au uache noti chache ndefu.

ManzeseMia3

Aisee. Hilo la boksi ni kweli tupu. Nilikuwa nadhani ni spika. Nakaa kimya nasoma.

DadaMiksi

Habari zenu. Nafanya miksi Kinondoni, miaka tisa sasa. Mleta uzi umesema vizuri, niongeze kwenye kiki, maana umeipita haraka.

Watu wengi wanaweka saidcheni, yaani kompresa inayominya besi kila kiki inapopiga, na wanadhani wamemaliza. Kabla ya hapo tazama mkia wa kiki. Kiki inaanza juu na kushuka haraka mpaka kwenye hezi 50 na kitu, na mkia wake unaendelea kulia. Kama mkia unavuka hizo milisekunde 109, unaingia ndani ya noti ya kwanza ya besi. Hapo mnakuwa na mawimbi mawili mazito yaliyokaribiana, na yanaweza kulana. Unasikia besi ya kwanza dhaifu, ya pili na ya tatu nzima. Unaongeza sauti, zile mbili zinapasua, ya kwanza bado haipo. Fupisha mkia kwanza. Kisha geuza besi kichwa chini, kile kitufe cha kugeuza polariti, sikiliza pande zote mbili, ubaki na ule unaojaza kifua.

Kingine, chini ya hezi 120 kila kitu kiwe mono, yaani kushoto na kulia sauti ileile. Kumbi zetu nyingi zina sabufa upande mmoja tu.

Msumeno138

Dada umenipa kitu. Noti ya kwanza kuwa dhaifu ni ugonjwa nilioishi nao wiki nyingi, nikaufunika kwa kuiongezea nguvu noti hiyo peke yake. Nimefupisha mkia wa kiki sasa hivi, nikarudisha noti zote tatu sawa. Imekaa.

Nieleze basi nilichofanya juu yake, mnikosoe. Msumeno mmoja ulikuwa safi lakini mkavu, hauna ule uhai. Uhai unatokana na kupisha tuni: misumeno miwili, mmoja umepandishwa senti chache. Nusu toni moja ina senti 100. Nikapisha senti 10, nikaacha fezi huru. Kila baada ya sekunde tatu besi ilikuwa inazama na kuibuka, kama mtu anafungua na kufunga mlango wa ukumbi. Nikahesabu: senti 10 kwenye hezi 55 ni tofauti ya theluthi moja ya hezi, kwa hiyo mawimbi mawili yanapatana na kupingana mara moja kila sekunde tatu. Ni hesabu tu, haikuwa ubovu wa plagini.

Nikawasha ritriga kwa yote mawili, kuzama kukaisha, lakini na uhai ukaisha. Ndani ya milisekunde 109 hayana muda wa kuachana. Kwa hiyo nikagawa kazi. Chini, msumeno mmoja wenye ritriga, mono, umefungwa kabisa. Juu yake safu ya pili, misumeno miwili iliyopishwa tuni na fezi huru, nikaikata kila kitu chini ya hezi 150. Juu huko kuachana kunakwenda haraka, kwenye hezi 1,100 senti zilezile 10 zinacheza mara sita kwa sekunde, na hiyo ndiyo sikio linaita uhai.

DadaMiksi

Wazo zuri, lakini sikubaliani nalo kwa anayeanza. Filta ya kukata chini nayo inasogeza fezi, hasa ikiwa kali, na pale hezi 150 safu zako mbili zinapokutana unaweza kutoboa shimo bila kujua. Mimi nasema osileta moja, filta moja, distosheni kidogo (kuikwaruza sauti) baada ya filta. Ukishaisikia cherehani, ndipo uongeze safu. Ukianza na safu tatu hutajua nani mgonjwa.

Msumeno138

Nimejaribu ya kwako usiku huu, nikazima safu ya juu nikaweka distosheni ndogo. Ukweli nisiufiche: kwenye sabufa imekaa vizuri kuliko ya kwangu. Kwenye hedifoni bado nataka safu yangu ya juu. Nimelegeza mteremko wa ile filta ya kukata, desibeli 12 badala ya 24, na pale kwenye 150 pamejaa zaidi. KinandaChaKwaya, fuata ya dada kwanza.

FundiFezi

Salaam. Mimi ni fundi umeme, muziki nausikiliza tu, ila nimeona neno fezi nikaingia. Nawaelewa vizuri kuliko nilivyotegemea. Kwetu, fezi tatu ni mawimbi matatu yaleyale, kila moja limechelewa theluthi ya mzunguko. Kinacholeta tofauti ni mahali pa kuanzia tu.

Niwaulize jambo. Umeme wetu ni hezi 50. Kilima chake ni milisekunde 20. Nyinyi mnachezea hezi 55 na jirani zake. Hamsikii kitu kwenye spika zenu?

Msumeno138

Fundi, umeniamsha. Kuna wimbo nimeutengeneza kwenye G, besi yake ya chini ni hezi 49. Kwangu unatikisika kila sekunde moja, polepole, kwa rafiki yangu hautikisiki. Nimebadilisha fezi, nimebadilisha plagini, nimekata tamaa nao.

FundiFezi

49 na 50 zinapishana moja. Mara moja kwa sekunde. Spika zako zinavuma umeme kwa chini, huenda hata huusikii uvumi wenyewe ukiwa peke yake. Chomoa chaja ya laptopu, acha ifanye kazi kwa betri, piga wimbo ule tena.

Msumeno138

Wakuu, nimechomoa chaja. Umetulia. Umetulia kabisa! Wiki nzima nilikuwa nalaumu osileta.

FundiFezi

Basi kuna mzunguko kwenye waya wa ethi (ule unaokwenda ardhini), laptopu na spika zinakutana njia mbili. Ziweke zote kwenye kebo moja ya soketi kwanza. Ikishindikana tafuta kitenganishi cha laini ya sauti, ni kiboksi kidogo chenye transfoma ndani, kwenye maduka ya redio za magari wanacho. Usikate waya wa ethi kwenye plagi kama wengine wanavyofanya. Huo waya upo kwa ajili ya uhai wako.

KinandaChaKwaya

Wakuu nimerudi. Siku nne nimekaa na Surge XT. Osileta moja, ritriga imewashwa, filta kama ilivyoelekezwa, distosheni ya dada. Laptopu inastahimili.

Nimekuza wimbi kwenye kioo kama mleta uzi alivyofanya. Kabla ya ritriga, noti zangu zilikuwa kama meno ya mzee, kila moja na upande wake. Baada ya ritriga, mstari. Mke wangu nilimwita aje aone, akaniuliza kwani kuna nini hapo, lakini nilipompigia alisema hii ya pili inatembea.

Maswali mawili. Nimempa kijana wa bajaji hapa Rangi Tatu aipige kwenye simu yake, besi haisikiki kabisa, kiki tu. Na nikihamisha wimbo kwenye F, kwenye sabufa yangu ndogo besi inapotea nusu. Kwaya yetu inapenda F.

DadaMiksi

La simu: spika ya simu haina uwezo wa kutoa hezi 55, usiilazimishe. Lakini msumeno una ngazi juu yake, 110, 165, 220, 275 na kuendelea, kila ngazi ikipungua nguvu. Sikio likizisikia hizo za juu zimepangana vizuri, linaijaza ile ya chini lenyewe hata kama haipo. Kwa hiyo ongeza distosheni kidogo au fungua envelopu ya filta kidogo zaidi. Pima kwa simu, sauti ikiwa ndogo kabisa, mpaka uisikie noti ya besi ni ipi. Usiongeze hezi 55 zenyewe, utaua sabufa ya watu.

Msumeno138

La F: F ya chini ni hezi 44 hivi, sabufa ndogo nyingi hazifiki huko kwa nguvu. Na kumbuka kilima chake sasa ni milisekunde 23, kwa hiyo noti yako ina vilima chini ya vitano. Ukiipandisha oktavu inakuwa 87, inasikika kila mahali lakini uzito wa kifuani unapungua. Njia nyingine, acha noti mbili za kwanza ziwe F ya juu, ya tatu tu ishuke chini. Utaona inavyoviringika. Au zungumza na kwaya waimbe kwenye A, ingawa najua kina mama wa sauti ya kwanza watakuja juu.

Ukiamua, weka faili hapa. Nitaisikiliza kesho nikitoka kazini, laptopu ikiwa kwa betri.